NYUMBA IMETUBANA: KUONGEZA CHUMBA KWA MIKONO YA FAMILIA

Somo la mwezi kwa familia zetu

Mafungu ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 6:1–7; Luka 14:28–30; Kumbukumbu la Torati 22:8

Shabaha ya somo: Kila familia iweze kuamua kama inafaa kuongeza chumba, ijue hesabu yake kabla ya kuanza, na ijenge bila kuhatarisha uhai wa watu wake.



Wengi mmetuuliza jambo moja. Nyumba tuliyopanga ina vyumba viwili, watoto wamekua, wageni wameongezeka, na pesa ya kupanga nyumba kubwa zaidi hatuna. Je, tunaweza kuongeza chumba sisi wenyewe? Jibu letu ni ndiyo, inawezekana. Lakini kuna jambo la pili ambalo sisi tulijifunza kwa machozi: chumba cha udongo hakijengwi kwa haraka, na adui yake mkubwa ni maji yanayokaa kwenye miguu ya ukuta. Ukishika hayo mawili, somo lote umelishika.

1. NENO LA KUANZIA

Katika 2 Wafalme sura ya 6 tunasoma habari za wanafunzi wa manabii. Walimwendea Elisha kumweleza kwamba makao yao yamewabana. Hawakungoja mtu wa kuja kuwajengea. Waliomba ruhusa kwanza, wakakubaliana kwamba kila mmoja atakata mti wake, kisha wakamsihi mzee wao afuatane nao. Hapo pana mambo matatu: ruhusa, sehemu ya kila mtu, na mzee kuwa karibu. Tutayarudia yote matatu katika somo hili.

Halafu chuma cha shoka kikaanguka majini, na aliyekuwa akilitumia akalia kwa sababu shoka lenyewe lilikuwa la kuazima. Sisi tunaoishi kwa vyombo vya kuazima tunakielewa vizuri kilio kile.

2. YALIYOTUPATA SISI

Mwezi wa Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na kushuka kwenye bonde la Rusizi, maelfu ya ndugu zetu walivuka mto na kuingia Burundi upande wa Cibitoke. Wengi walilala kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Baadaye wengi walipelekwa Musenyi, upande wa Rutana. Wengine walikuja kwa jamaa zao mjini. Kwetu hapa Carama alifika dada yetu na watoto wake wanne. Tulikuwa watu saba katika vyumba viwili. Tukawa kumi na wawili.

Tuliona haya kuwalaza wageni nje. Mwezi wa Machi, mvua ikiwa bado inanyesha, tulifyatua matofali ya rukarakara nyuma ya nyumba. Tuliyaanika siku sita tu. Tukaanza kujenga juu ya ardhi tupu, bila msingi wa mawe, kwa sababu tulisema ni chumba kidogo tu. Majirani walitusifu: wiki mbili, chumba kimesimama! Wavulana wakatandika mkeka wao humo.

Usiku mmoja wa Aprili mvua ilinyesha hadi alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu wavulana waliondoka kwenda shule. Hawajafika mbali, ukuta wa upande wa chini ulilala wote kwa ndani, juu ya mkeka. Tulipoondoa udongo tulikuta sufuria iliyokuwa karibu na mto wa kulalia imebonyea kabisa. Mama yao alikaa chini, hakusema neno mpaka jioni.

Hatukumlaumu mtu. Fundi hatukumwita, na mvua haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Kuanzia Juni hadi Septemba ya mwaka ule tulijenga upya kwa utaratibu tunaowaandikia hapa. Chumba hicho ndicho wanacholala leo.

3. KWA NINI MAJI NDIYO ADUI

Carama iko kwenye tambarare ya kaskazini mwa Bujumbura, katika eneo la Kinama, na milima iko juu yetu upande wa mashariki. Mvua ikinyesha huko juu, maji yote hushuka kwetu kwa makorongo na mito midogo, hata kama hapa nyumbani yalidondoka matone machache tu.

Walioishi hapa hawawezi kusahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014. Maji yaliteremka na tope na mawe, yakaingia Kamenge, Kinama na Buterere watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 60 walifariki, na mamia ya nyumba zilianguka. Nyingi zilikuwa za matofali ya udongo usiochomwa.

Tofali la rukarakara likiwa kavu lina nguvu ya kutosha kubeba paa. Likilowa, linarudi kuwa tope, kwa maana halikuchomwa motoni. Tena udongo hunyonya maji kutoka chini kwenda juu, kama kitambaa ambacho ncha yake imewekwa kwenye bakuli la maji. Kwa hiyo ukuta unaweza kuwa mkavu machoni pako, kumbe mstari wa kwanza wa matofali umeshakuwa laini. Ukuta mzima umesimama juu ya mstari huo.

Basi kazi yote ya kujenga kwa udongo ni hii: kuupa ukuta viatu vya mawe chini, na kofia ya mabati yenye ukingo mpana juu.

4. RUHUSA KWANZA

Wengi wetu tunapanga. Kiwanja si chetu, na ukuta tunaotaka kuuegemea si wetu. Usifyatue hata tofali moja kabla ya kukaa na mwenye nyumba. Neno la mdomo halitoshi, hata kama mwenye nyumba ni mtu mwema, hata kama mnasali pamoja. Mtu anaweza kusafiri, kuuza kiwanja, au kufa, na watoto wake wasijue mlichopatana.

Andikeni karatasi mbili zinazofanana, zenye mambo haya:

a) Ukubwa wa chumba na mahali kitakapokaa.
b) Nani ananunua nini.
c) Kodi itakaa vilevile kwa miezi mingapi baada ya chumba kwisha.
d) Mkihama, nini kitabaki na nini mtaondoka nacho. Kuta haziondoki, lakini mabati, mlango na dirisha vinaweza kuondoka.
e) Majina na sahihi: mwenye nyumba, baba na mama wa familia, mashahidi wawili, na nyumbakumi.

Sisi tulipatana hivi: kuta ni za mwenye nyumba, mabati na mlango ni vyetu, na kodi isipande kwa miezi 30. Mama wa nyumba ndiye anayetunza karatasi, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vitambulisho vya familia.

Halafu nendeni kwa mkuu wa kartie mkamwulize kama mnahitaji kibali cha kujenga. Ni afadhali kutembea mara mbili kuliko kubomolewa mara moja. Jirani naye apewe habari, kwa sababu maji ya paa lako jipya yataanguka upande wake.

Mwenye nyumba akikataa kuandika, msijenge. Tunalisema kwa uchungu, lakini tunalisema. Familia inayotoa akiba yake yote kwenye ukuta wa mtu mwingine bila karatasi inaweza kufukuzwa mwaka unaofuata, na chumba kikapangishwa kwa mwingine.

5. MAHALI AMBAPO HAPAFAI

Msiongeze chumba kwenye ukingo wa korongo au karibu na mto, hata kama nafasi ipo. Msijenge mahali ambapo maji husimama siku nzima baada ya mvua. Msiegemee ukuta wa zamani wenye ufa unaoingiza kidole, maana huo wenyewe unahitaji msaada. Msizibe njia ya kufikia choo. Shimo likijaa, watakaokuja kulishughulikia watapita wapi?

6. HESABU YA CHUMBA

Bwana wetu alifundisha, katika Luka 14, kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Hatuandiki bei hapa, kwa kuwa bei ya soko hubadilika. Tunaandika vipimo, nanyi mtauliza bei ya siku hiyo.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa mita 3 kwa ndani, kinachoegemea ukuta wa nyumba ya zamani kwa ule upande wa mita 4. Kuta mpya ni tatu tu. Pamoja na pembe zake, urefu wake ni kama mita 10 na sentimita 40.

Paa litainama upande mmoja. Upande wa nyumba ukuta utakuwa na kimo cha mita 2 na sentimita 80, na upande wa nje mita 2 na sentimita 20. Huo ni mwinamo wa sentimita 20 kwa kila mita, unaotosha maji kukimbia. Pima kwanza chini ya ukingo wa paa la zamani. Likiwa liko chini kuliko hapo, punguza upana wa chumba, usipunguze mwinamo. Paa lililolala huvuja.

Matofali: kalibu yetu ilikuwa na urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 12. Kila mita moja ya mraba ya ukuta inataka matofali 22. Ukuta wote ni kama mita 24 za mraba, yaani matofali 528. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayovunjika: fyatua 580. Kila tofali lina uzito wa kama kilo 12.

Msingi: mawe kama mita 3 na nusu za ujazo, na mifuko 6 ya simenti ya kilo 50, ukichanganya simenti karai moja kwa mchanga karai sita.

Mabati: vipande 10 vya mita 3. Saba huwekwa vizima; vitatu hukatwa kila kimoja mara tatu ili kuongeza urefu. Ukinunua, kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, bati ni jembamba zaidi. Geji 28 ni nene kuliko 32.

Mbao na miti: boriti za mikaratusi iliyokauka, papi za kupigilia mabati, mlango mmoja, dirisha moja, misumari na waya.

Fanyeni hesabu hii mezani, familia nzima ikisikia. Ikiwa pesa inatosha matofali na kuta tu, na mabati hayapo, ngojeni. Kuta za udongo zisizo na paa hazivuki mvua za Oktoba. Nunueni mabati kwanza, myaweke chini ya kitanda, ndipo mwanze udongo. Sisi mabati yetu yalitoka kwenye likelemba ya akina mama, zamu ya miezi mitatu, na hatukugusa jembe mpaka yalipotimia.

7. UDONGO NA MATOFALI

Wakati: Juni na Julai. Kuanzia Juni hadi Septemba hapa kwetu ni kiangazi. Fyatua mwanzoni, jenga katikati, ezeka kabla Septemba haijaisha.

Si kila udongo unafaa. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka. Wenye mchanga mwingi humomonyoka. Kuna njia mbili za kupima bila gharama.

Ya kwanza ni ya chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa nyeupe, ongeza maji, tikisa sana, uache mpaka kesho. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga uwe ndio mwingi, na mfinyanzi uwe kama sehemu moja kati ya tano.

Ya pili ni ya mkono. Viringisha udongo wenye unyevu mpaka uwe mrefu, wenye unene wa sentimita 3 hivi, kisha usukume polepole nje ya ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ukipita sentimita 15 bila kukatika, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga.

Koko yetu, mama mzee aliyezaliwa Fizi, hakutumia chupa wala meza. Aliuminya udongo, akaunusa, akasema: huu wa juu una majani yaliyooza, chimbeni chini zaidi. Tulipopima kwa chupa tuliona amesema kweli. Ndiyo maana wale wanafunzi wa Elisha walimtaka mzee awe karibu.

Lowesha udongo usiku mmoja, changanya na mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa, kanyaga kwa miguu mpaka usione mabonge. Mabua huzuia nyufa. Fyatua juu ya ardhi iliyosawazishwa, tandika nyasi chini ya matofali na mengine juu ili jua lisiyapasue. Baada ya siku tatu yasimamishe kwa ubavu. Baada ya wiki moja yapange kwa nafasi ili upepo upite. Yaache wiki tatu au nne. Vunja moja katikati: likiwa na rangi nyeusi zaidi ndani kuliko nje, bado lina maji. Ngoja.

Shimo mlikochimba udongo lifukieni mara moja. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji Oktoba. Huzaa mbu, na watoto wadogo wamezama katika mashimo ya namna hiyo. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria hiyo yafaa pia kwa shimo letu.

8. MSINGI NA UKUTA

Chimba mtaro wenye upana wa sentimita 40 na kina cha 50, au zaidi mpaka uikute ardhi ngumu. Jenga mawe kwa simenti, uendelee juu ya ardhi sentimita 40. Hivyo ndivyo viatu vya ukuta. Juu ya mawe tandika plastiki nzito. Kipande cha shitingi ya zamani kinafaa, kikiwa hakina tundu. Hicho huzuia unyevu kupanda.

Pembe na mistari ya kwanza mitatu mwachieni fundi. Tunawasihi msione haya kutumia pesa hapo. Sisi tulimlipa fundi siku nne tu: siku moja ya kupima na kamba, mbili za msingi na pembe, na moja ya paa. Kazi nyingine zote tulifanya wenyewe, na alipokuwa akifanya, vijana wetu walisimama karibu naye wakijifunza kutumia timazi na pima maji.

Matofali ya udongo huunganishwa kwa udongo uleule, si kwa simenti. Panga tofali la juu likalie kiungo cha yale mawili ya chini. Usipandishe zaidi ya mistari mitano kwa siku, maana udongo mbichi hubonyea ukibebeshwa mzigo. Jioni funika.

Ukuta mpya usiung'ang'anize kwenye ukuta wa zamani kwa kutoboa na kuingiza matofali. Nyumba ya zamani imeshakaa. Mpya bado itashuka kidogo, na ukiifunga itapasua zote mbili. Acha kiungo kilichonyooka toka juu hadi chini. Ufa mdogo ukitokea hapo baada ya mvua za kwanza, usiogope: ujaze udongo na mchanga.

Juu ya mlango na dirisha weka linta ya mbao ngumu, inayokalia ukuta sentimita 25 kila upande. Mlango uutoe nje. Kutoboa ukuta wa zamani ili kupata mlango wa ndani ni kazi ya fundi, na mwenye nyumba akubali kwa maandishi.

Juu ya kuta zungusha miti iliyofungamanishwa kwenye pembe, iwe mkanda mmoja. Ndugu wa Bukavu wanakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotetemeka kule na upande wa Rwanda, na kuta zikaachana kwenye pembe. Mkanda huo husaidia kuta zishikane.

9. PAA, HEWA NA MFEREJI

Funga boriti kwa waya uliopitishwa chini ya mistari minne ya matofali wakati wa kujenga. Bila waya huo, upepo wa kabla ya mvua utalibeba paa zima. Bati lipite ukuta wa nje kwa sentimita 50, na sehemu ya juu iingie chini ya paa la zamani. Miti itakayokuwa karibu na ardhi ipake oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa.

Chini ya mahali maji yanapodondoka chimba mfereji, utandike mawe, uinamishe uelekee njia ya maji ya mtaa, wala si kwenye ukuta wa jirani. Kila Jumamosi mtoto mmoja ausafishe.

Dirisha liwepo, hata dogo, na matundu ya hewa juu ya ukuta unaolielekea. Chandarua kiwepo pia. Na jambo hili mlisikie vizuri: usiku wa baridi mtu asiingize mbabula yenye makaa ndani ya chumba cha kulala. Hewa yake haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Plasta iwe ya udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, ipakwe tena kila kiangazi. Plasta ya simenti juu ya rukarakara huonekana nzuri mwaka wa kwanza, kisha hubanduka, nayo huficha maji ndani.

10. SEHEMU YA KILA MTU

Warundi huita kazi ya kusaidiana ikibiri. Sisi wa ng'ambo ya Rusizi tumezoea kusema salongo. Jina lolote, utaratibu ndio unaozuia ugomvi. Kwetu uligawanyika hivi:

– Mama wa nyumba: daftari la pesa. Hakuna msumari uliotoka bila kuandikwa.
– Baba na shemeji: kuchimba, kubeba mawe, kujenga.
– Vijana wa kike na wa kiume: kukanyaga udongo na kufyatua, baada ya shule na siku za Jumamosi. Kazi haikumtoa mtu darasani hata siku moja.
– Watoto wadogo: kukata mabua, kufunika matofali, kuwafukuza mbuzi. Hawabebi matofali ya kilo 12, wala hawasimami chini ya ukuta unaojengwa.
– Koko: kukaa kivulini na kutazama. Yeye ndiye aliyeona mara mbili kwamba kamba imelegea.
– Dada yetu mgeni: chakula cha wafanyakazi. Lakini wiki ya pili alikataa kukaa jikoni tu. Alisema chumba ni cha watoto wake, naye atafyatua. Matofali yake yalikuwa na pembe nzuri kuliko ya sisi sote.

Vyombo vya kuazima viliandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari: jina la chombo, tuliyemwazima, siku ya kurudisha. Tuliazima sururu mbili, toroli moja na pima maji. Pima maji ilianguka ikapasuka. Tulinunua nyingine kabla mwenyewe hajauliza.

11. NENO LA MWISHO

Wengine huuliza: kwa nini kujenga vizuri, na sisi ni wapitaji, kesho huenda tukarudi kwetu? Swali hilo tulikuwa nalo sisi pia, na ndilo lililotufanya tujenge ovyo mara ya kwanza. Tulisema ni cha muda tu. Lakini ukuta haujui kama unakaa kwa muda. Ukianguka, unamwangukia mtoto uleule. Hata kama tutalala humo mwaka mmoja tu, watoto walale salama mwaka huo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA FAMILIA

1. Kiwanja chetu maji hutoka wapi na kwenda wapi mvua ikinyesha? Tembeeni nje mkatazame pamoja.
2. Je, tuna karatasi yoyote na mwenye nyumba wetu? Nani anaitunza?
3. Tukihesabu leo, pesa yetu inafika wapi: msingi, kuta, au paa?
4. Ni nani katika familia yetu mwenye ujuzi ambao hatujamwuliza?
5. Tuna chombo gani cha kuazima ambacho hatujarudisha?

Familia itakayotaka kujenga kiangazi kinachokuja ijiandikishe kwa wazee wa kanisa. Kalibu ya matofali, kamba na timazi vitazunguka kutoka nyumba hadi nyumba, na vijana waliojifunza mwaka jana wako tayari kuja siku mbili kwa kila familia.

Bwana awalinde mlalapo na muamkapo.

Ni sisi ndugu zenu wa Carama.